Shaka ya Mwenye Kwao

A Bend in the River nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa chuo, Iringa, na niliimaliza kwa hasira. Mara ya pili ni mwezi uliopita, kwenye basi la kutoka Iringa kwenda Mbeya. Tulipofika Makambako, abiria wanashuka kununua mahindi ya kuchoma, mimi nilikuwa pale ambapo serikali inamnyang'anya Salim duka lake. Hasira bado ilikuwepo, ila imehama. Safari hii haikuwa juu ya mwandishi peke yake. Kidogo ilikuwa juu yangu, na kidogo juu ya baba yangu mdogo, ambaye ndiye niliyekuwa naenda kumwona.

Kwa ambao hawajaisoma: V. S. Naipaul aliitoa riwaya hii mwaka 1979, miaka minne baada ya kutembelea Zaire. Nchi ya kitabuni haina jina, mji hauna jina, na rais anaitwa tu Mkubwa. Lakini msomaji wa huku kwetu hahitaji kuambiwa. Mji ni Kisangani, na Mkubwa ni Mobutu, mwanajeshi aliyetwaa nchi tarehe 24 Novemba 1965, akaunda chama chake mwaka 1967, akabadilisha jina la nchi mwaka 1971, na kila baada ya muda akawa anatangaza kwamba sasa mambo yanaanza upya. Salim ni Mhindi Mwislamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Anauziwa duka na rafiki wa familia, Nazruddin, anaendesha gari hadi bara, anafungua milango na kuanza kuuza masufuria, wembe na penseli.

Kazi yake nyingine, ambayo hakuiomba, ni kuwa na shaka. Serikali inajenga mtaa mpya wa fahari, una chuo na nyumba za wataalamu. Salim anatazama matrekta ya shamba la mfano yakishika kutu uwanjani, anajua. Hana haja ya kusoma hotuba. Na hapa ndipo Naipaul ni mwandishi mkali kweli: anaonyesha kwamba mgeni mfanyabiashara huisoma siasa kupitia bei, mzigo uliochelewa, na ofisa aliyebadilisha namna ya kusalimia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni hamponyi mtu, lakini homa anaiona mapema.

Pembeni yake kuna mgeni mwingine, Raymond, msomi mzungu aliyewahi kuwa karibu na Mkubwa. Yeye anaamini. Anakaa kwenye nyumba ya serikali akisubiri kuitwa mji mkuu, na haitwi. Mimi naona sura za Raymond ndizo bora kuliko zote, kwa sababu zinamweka msomi chini ya muuza sufuria. Aliyesoma nyaraka zote haoni kitu. Anayehesabu chenji anaona. Halafu yanatokea yale yaliyotokea kweli Zaire baada ya tangazo la tarehe 30 Novemba 1973: maduka na mashamba ya wageni yanagawiwa wananchi, na "wananchi" wenyewe mara nyingi ni watu wenye jamaa serikalini. Salim anarudi kutoka London anakuta duka lina bosi mpya, na yeye amekuwa meneja wa mali yake mwenyewe.

Sasa, ugomvi wangu na kitabu. Chinua Achebe alimshutumu Naipaul waziwazi kwa jinsi alivyoiandika Afrika, na hoja hiyo sitairudia hapa. Yangu ni ndogo zaidi. Katika riwaya hii, wenye ruhusa ya kushuku vizuri ni wageni. Wenyeji wanapiga makofi, wanaogopa, au wanaingia msituni na bunduki. Mwenyeji anayekaa kibarazani akasema "haya maneno tumeshayasikia" karibu hayupo. Kisangani watu wanaongea Kiswahili, jamani. Mtu wa pwani akifungua duka pale angesikia mizaha, mafumbo na matusi ya kumsema rais kila asubuhi, tena kwa lugha aliyozaliwa nayo. Kitabu hakiutumii ukaribu huo. Salim anauza tu na kurudisha chenji.

Nilifika Mbeya nikiwa na hoja hii tayari kichwani, nimeipenda, nimepanga kuiandika. Baba mdogo akaiharibu.

Yeye aliishi Lubumbashi kuanzia 1988 hadi 1991, akiuza mchele na vitenge kwenye soko la mtaa uitwao Kenya. Nilimhadithia kitabu tukiwa tumekaa nje, Mwanjelwa, na nikamuuliza siku ile ilikuwaje, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja.

"Ilikuwa Jumanne," akasema. "Majirani walicheza. Mimi sikucheza. Askari aliyeniomba sigara Jumatatu alikuja kuniomba tena Jumatano. Nikasema, basi, hakuna kilichobadilika."

Nikacheka. Nikamwambia, baba, wewe ndiye Salim mwenyewe. Yeye hakucheka.

"Ngoja, mwanangu. Mwenye nyumba wangu alikuwa na kijana, anasoma chuo kikuu pale pale. Akaniuliza, wewe mgeni unaonaje? Nikamwambia achana nayo, hawa hawaondoki. Akanijibu, baba, wewe unasema hivyo kwa sababu una kwenu."

Haikupita hata wiki tatu. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa mabwenini. Ubelgiji ilidai uchunguzi wa kimataifa, ikasimamisha misaada. Kijana wa mwenye nyumba alionekana nyumbani baada ya siku kadhaa. Hakusimulia, na baba mdogo hakuuliza. Septemba 1991 askari wasiolipwa walipoanza kupora Kinshasa, na wanajeshi wa Ufaransa na Ubelgiji wakaja kuwaondoa wageni, baba mdogo hakusubiri ndege ya mtu. Alifunga mzigo, akapita Kasumbalesa, akaikata Zambia, akaingia nyumbani.

"Shaka yangu ilikuwa ya kweli," akaniambia. "Lakini mimi nilikuwa na Tunduma. Yeye alikuwa na wapi?"

Usiku ule nilikifungua kitabu tena nikasoma mwisho wake, na nikaona nilichokipita kwenye basi. Ferdinand, mtoto wa mama mchuuzi aliyekuwa mteja wa Salim, amekuwa kamishna. Salim amekamatwa kwa magendo ya pembe za ndovu, na Ferdinand ndiye anayemtoa mahabusu na kumwambia apande meli aondoke. Hapo ofisini, Ferdinand anazungumza. Anasema mambo yameharibika kwa kila mtu, na hakuna pa kwenda. Yaani mwenyeji mwenye shaka yupo kitabuni. Amepewa kurasa chache za mwisho, lakini yupo, na shaka yake ni nzito kuliko ya Salim, kwa sababu haina safari ndani yake. Nazruddin alishuku akaenda Uganda, akashuku akaenda Kanada, akaishia London. Salim anapanda meli. Ferdinand anabaki mezani, akimsubiri Mkubwa ambaye anakuja kushuhudia mtu akiuawa.

Kwa hiyo narekebisha hukumu yangu, nusu. Naipaul aliliona hilo. Kosa lake ni kwamba alipoliona alimfuata mwenye tiketi. Riwaya inaondoka na meli gizani, na sisi tunaondoka nayo, tumepona, hatujui Ferdinand alilala wapi. Ningekuwa na uwezo wa kuomba kitabu kingine, ningeomba kile kinachobaki ofisini.

Na hasira yangu ya basini? Nadhani ilikuwa hii: ninapoandika habari za majirani zetu, Kongo au kwingine ambako askari wanaahidi uchaguzi, huwa naandika kama baba mdogo wa Jumatano ile. Najua bei, najua askari anaomba sigara, nafunga na sentensi ya kejeli. Mara nyingi siko mbali na ukweli. Lakini kuna kijana ananisoma upande ule wa mpaka, na yeye hana Tunduma.

Kisomeni. Kisha mkimaliza, rudini kwenye zile kurasa za Ferdinand mzisome polepole.