Si jua lililozima Uhispania



Tangu Uhispania na Ureno zikose umeme tarehe 28 Aprili 2025, kuna neno moja nalisikia kila mara tukizungumza habari ya nishati: «Munaona? Jua limezima nchi nzima.» Wengine wanajibu: «Apana, jua halina kosa, hiyo ni propaganda ya watu wa petroli.» Mimi naona majibu yote mawili ni ya haraka. Tena yanaweza kutupotosha sisi wenye kutaka kujenga mitambo hapa kwetu.

Tutazame kwanza yaliyotokea. Ilikuwa saa 6:33 mchana, jua kali, na zaidi ya nusu ya umeme wa Uhispania ulikuwa unatoka kwa paneli. Volteji ikapanda kupita kiasi. Mtambo mmoja ukajitoa ili usiungue. Kujitoa kwake kukafanya volteji ipande zaidi, na mwingine nao ukajitoa. Ndani ya sekunde tano hivi, megawati 15,000 zikawa zimepotea. Treni zikasimama njiani, watu wakafungwa ndani ya asanseri. Umeme ulirudi pole pole mpaka usiku, kwa msaada wa mabwawa ya maji na ya laini zinazotoka Ufaransa na Moroko.

Sasa, wale wanaolaumu jua wajibu swali hili: jua lilipungua saa ngapi? Halikupungua. Ripoti ya serikali ya Uhispania ya Juni 2025 inasema kwamba msimamizi wa gridi hakupanga mitambo ya kutosha ya kushikilia volteji siku ile. Inasema pia kwamba mitambo ya kawaida, yenye mashine za kuzunguka, ambayo kazi hiyo ilikuwa yake, haikuifanya vile inavyotakiwa. Na bustani za jua je? Vifaa vyao vinaweza kusaidia kushusha au kupandisha volteji, lakini kanuni za zamani hazikuwaomba kufanya hivyo kila dakika. Kanuni mpya ilipitishwa Juni 2025, kisha nchi imekwisha kuzimika.

Lakini hata wenye kutetea jua wasifurahi mapema. Mashine nzito ya kuzunguka haileti paka umeme. Inashikilia volteji, na uzito wake unatuliza gridi inapotikiswa. Ukiiondoa na kuweka paneli, ile kazi nyingine nani ataifanya? Kama hujampa mtu, hakuna anayeifanya. Hapo ndipo kosa liko.

Na dawa inajulikana. Tarehe 28 Septemba 2016, jimbo la South Australia lilizimika lote. Dhoruba iliangusha nguzo kubwa, halafu mitambo kadhaa ya upepo ikajitoa juu ya namna ulinzi wake ulivyopangwa. Hawakurudi kwa makaa. Walirekebisha ile mipangilio, wakaweka betri ya megawati 100 mwaka 2017, na baadaye mashine nne nzito zinazozunguka bila kuchoma mafuta yoyote, kazi yao ikiwa kutuliza gridi. Leo upepo na jua vinaleta sehemu kubwa ya umeme wao.

Juu ya nini ninawaandikia haya? Sababu hotuba zetu zinahesabu paka megawati. Inga 1 na Inga 2 kwa karatasi ni megawati 1,775, na laini ya kutoka Inga mpaka Kolwezi iko na kilomita karibu 1,700. Tangu 1982 tunazo zote mbili. Kila mtu hapa anajua kwamba megawati za karatasi haziwashi taa, mashine ikikaa bila kutengenezwa. Kesho tutasikia hotuba zilezile juu ya paneli, na tutapiga makofi vilevile.

Tena delestaji na kuzimika kwa gridi si kitu kimoja. Kwa delestaji, angalau kuna mtu ameamua nani akose leo. Gridi ikianguka hakuna aliyeamua, na hospitali inazimika pamoja na baa.

Bahati yetu ni kwamba umeme wetu mwingi ni wa maji, na turbini ya maji ni mashine ya kuzunguka tayari. Inaweza kubeba jua mgongoni ikitunzwa. Kwa hiyo mradi ukitangazwa, tuulize: nani atashikilia volteji? Atalipwa na nani? Asipofanya, anaadhibiwaje?

Maswali hayo si ya ma-injinia peke yao. Kule Uhispania vifaa vilikuwepo, kilichokosekana ni kanuni nzuri na mtu wa kuzisimamia. Wenye kusoma sheria na uchumi, musiseme eti umeme hauwahusu.