Hisani ya Ukubwa wa Postikadi

Maktaba ya mji wa Moss, Norway, ilihitaji vitabu vya watoto. Mchoraji David Sandum akawaomba wasanii aliojuana nao Twitter wachore kila mmoja postikadi na kuituma bure. Bahasha zikamiminika kutoka nchi mbalimbali. Mwaka 2011 picha zikauzwa, vitabu vikanunuliwa.

Ndivyo Twitter Art Exhibit ilivyozaliwa.

Uzuri wake uko kwenye ule udogo. Karatasi inayoenea kiganjani humalizika jioni moja, na kuisafirisha ni stempu tu, hivyo kazi ya msanii mashuhuri na ya mama anayechora akishalaza watoto hutundikwa ukuta mmoja. Maonyesho yamefika New York, hata Canberra, kila mara kwa ajili ya kusaidia wengine.