Daftari la Jenereta

Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, Unguja ilikaa gizani. Kebo ya umeme ipitayo chini ya bahari kutoka bara iliharibika, na kwa miezi mitatu mji ukanguruma kwa jenereta. Ofisi za mashirika ya maendeleo zilitakiwa kulipa mishahara na kupeleka ripoti kama kawaida.

Pongezi zangu ni za afisa utawala, ambaye ripoti hizo hazimtaji. Daftari lake nimelishika: jalada gumu, safu nne zilizopigwa kwa rula. Saa ya kuwasha, saa ya kuzima, lita za dizeli, sahihi. Sikuona mstari uliorukwa hata mmoja.

Mji Mkongwe, ilipo ofisi yake, nao una tabu zake. Gari halifiki mlangoni; mashine ya fotokopi hushushwa barabarani, ikaingia vichochoroni kwa mkokoteni wa hamali. Kuta za mawe na chokaa hazitobolewi ovyo kupitisha waya, maana tangu 2000 mji huu ni urithi wa dunia wa UNESCO. Na ni afisa huyo anayemweleza mgeni kuwa Ijumaa adhuhuri hakuna kikao, kisha akamuuliza dereva: “Saa mbili yetu, Mzee, au ya Kizungu?” Swali hilo dogo limeokoa safari nyingi.

Mwaka 2013 ilikuja kebo mpya ya megawati 100, kwa fedha za Marekani. Jenereta bado ipo uani. Kila Jumatatu afisa huyo huiwasha dakika kumi, akaisikiliza, akaandika.