Yelp ilimtafuta mwandishi kabla ya mteja

Mwaka 2004 Jeremy Stoppelman alishikwa na mafua makali akiwa San Francisco, akahitaji daktari. Mtandaoni hakukosa orodha. Majina ya madaktari yalikuwepo, anwani zilikuwepo, namba za simu zilikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kumwambia, "Nenda kwa huyu, yule mwingine achana naye." Julai mwaka huohuo, yeye na Russel Simmons, waliokuwa pamoja PayPal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, walipata dola milioni 1 kutoka kwa Max Levchin, mmoja wa waanzilishi wa PayPal, wakaanza kujenga Yelp, tovuti ya watu kupendekezeana biashara za mjini.

Kwa hesabu ya kawaida, walikuwa wamechelewa. Citysearch, mwongozo wa miji wa mtandaoni, ilianzishwa 1995. Yahoo na Google zilikuwa na orodha zao za biashara za mijini. Insider Pages na Judy's Book zilikuwa zinachipuka wakati uleule, na wazo lao lilifanana mno na la Yelp. Na kile kitabu kinene cha kurasa za manjano kilikuwa bado kinabwagwa milangoni mwa watu kila mwaka.

Jaribio la kwanza la Yelp lilibuma. Mtu aliandika swali, mfumo ukalituma kwa barua pepe kwa rafiki zake, nao wakatarajiwa kujibu. Ni ile kawaida ya "unamjua fundi mzuri?" iliyohamishiwa kwenye kompyuta. Lakini jirani ukimuuliza kibarazani anakujibu palepale, au anasema hajui, yakaisha. Barua pepe ya tano ndani ya wiki moja, inayouliza habari za kinyozi, ni kero. Hata hivyo, ndani ya mfumo huo kulikuwa na kipengele kilichojificha, kilichomruhusu mtu kuandika maoni bila kuulizwa na yeyote. Waliokigundua waliandika mfululizo, mgahawa baada ya mgahawa. Februari 2005 Yelp ikazinduliwa upya, na safari hii kipengele kile ndicho kilichokuwa tovuti yenyewe.

Orodha ya biashara ina pande mbili zinazojulikana: mwenye duka anayelipia tangazo na msomaji anayetafuta duka. Washindani wengi walikimbilia mojawapo. Yelp iliwaweka wote wawili pembeni kwa muda, ikamfuata mtu wa tatu, yule anayeandika. Uamuzi huu ndio uliobeba karibu kila kitu kilichofuata.

Tazama vitufe vitatu tu vilivyokaa chini ya kila maoni. Tovuti nyingine zilimuuliza msomaji kama maoni yamemsaidia, basi. Yelp iliongeza viwili: yamekuchekesha, na yako poa. Ni jambo dogo, ila lilibadilisha tabia ya mwandishi. Aliyekuwa anaripoti kwamba supu ilikuwa ya moto sasa alikuwa na hadhira, akaanza kusimulia mhudumu alivyomkazia macho na meza ilivyoyumba. Kila mwandishi alikuwa na ukurasa wake, picha yake na hesabu ya maoni aliyokwisha kuandika. Aliyekuwa wa kwanza kuandika kuhusu duka fulani alitajwa hivyo hadharani, na wapo waliosaka vibanda visivyojulikana ili tu wapate sifa hiyo.

Kisha zikaja sherehe. Waandishi hodari walipewa beji ya kikosi maalumu, Yelp Elite, na beji hiyo ilikuwa ya mwaka mmoja: mwaka ukiisha, sharti ufikiriwe upya. Wenye beji walialikwa kwenye baa na migahawa ya mjini, wakala na kunywa bure, wakaonana ana kwa ana na watu waliokuwa wakiwasoma usiku kucha. Pesa taslimu zingemleta mtu anayeandika mistari miwili ili alipwe. Heshima ilimleta anayeandika aya tano, kisha anarudi kuangalia nani amecheka.

Kwa kuwa sherehe haifanyiki angani, Yelp ililazimika kwenda mji kwa mji. Ilikolea San Francisco kwanza, ndipo ikaelekea miji kama Boston, Chicago na New York, na katika kila mji ikaajiri meneja wa jamii, mkazi anayezijua baa na wapenda maneno wa pale. Ni njia ya polepole, na mwekezaji mwenye haraka angeipinga. Lakini orodha yenye maoni manne kwa kila mji wa Marekani haimfai mtu yeyote, ilhali orodha iliyojaa ya mji mmoja inatumika kila siku.

Maoni hayo marefu yalifanya pia kazi ambayo bajeti ya matangazo isingeimudu. Kila ukurasa wa duka ulikuwa na maandishi mapya, na Google ilivipenda vitu hivyo. Hadi Yelp inaingia soko la hisa la New York, Machi 2012, ilikuwa na maoni zaidi ya milioni 20, na sehemu kubwa ya wageni wake ililetwa na Google, mshindani wake huyohuyo. Mitaani, stika za Yelp zilibandikwa kwenye vioo vya milango na wenye maduka wenyewe. Desemba 2009 Google nayo ilituma stika zake kwa biashara zaidi ya 100,000. Mwenye duka alizipokea, sawa, ila nyuma ya stika hizo hakukuwa na watu waliokunywa pamoja.

Si kwamba Yelp haikuwa na doa. Wenye biashara kadhaa waliishtaki wakidai maoni yanachezewa ili wabanwe kununua matangazo. Mahakama ya rufaa ya Marekani iliamua kwa upande wa Yelp mwaka 2014, lakini manung'uniko hayakuisha.

Ulaya ndiko mbinu ilikogoma. Oktoba 2012 Yelp ilinunua Qype ya Hamburg, kwa takriban dola milioni 50, ikapata kwa mkupuo miji ambayo ingehitaji miaka ya sherehe. Maoni ya Qype yalipohamishwa mwaka uliofuata, mengi yalinaswa na chujio la kompyuta la Yelp, lililoficha maoni yaliyotiliwa shaka. Mgahawa ambao jana ulikuwa na sifa tele ukaamka ukiwa umebakiwa na maoni machache, na walioyaandika wakaona jasho lao limetupwa. Novemba 2016 Yelp ilitangaza kwamba inaacha kuuza matangazo nje ya Marekani na Kanada, na takriban watu 175 wakapoteza kazi.