"Kasoro" au "Mpotoko"? Istilahi za Lenzi za Hadubini ya Elektroni

Miongoni mwa istilahi za fizikia zinazostahili kupimwa upya ni ile ya hali inayofanya miali iliyotoka nukta moja isikutane tena katika nukta moja baada ya kupita kwenye lenzi. Waandishi kadhaa huiita "kasoro ya lenzi". Twaona kuwa jina hili lapotosha maana, hasa katika hadubini ya elektroni.

Kasoro ni upungufu wa kitu ambacho kingeweza kuwa kamili. Mtungi wenye ufa una kasoro kwa sababu mfinyanzi angeweza kuutengeneza bila ufa. Lakini mwaka 1936 Otto Scherzer, mwanafizikia wa Ujerumani, alithibitisha kihisabati kwamba lenzi ya elektroni iliyo duara, yenye uga usiobadilika kwa wakati na isiyo na chaji katika njia ya miali, haiwezi kuepukana na hali hiyo, hata fundi awe hodari namna gani. Mwanafunzi asomaye "kasoro" atadhani dawa yake ni ufundi bora zaidi.

Twapendekeza "mpotoko", kutokana na kitenzi potoka. "Upotofu" haufai, kwani umekwisha kuelemea upande wa maadili. Hivyo tutapata "mpotoko wa tufe". Ama "mpotoko wa rangi", huo uachiwe lenzi za kioo. Elektroni hazina rangi, zinatofautiana kwa nishati, basi hapa na tuseme "mpotoko wa nishati".

Kitenzi "sahihisha" nacho kina walakini. Kifaa walichokifanyia kazi Harald Rose, Maximilian Haider na Knut Urban hakikuirekebisha lenzi yenyewe. Kwa sumaku za ncha sita, kilizalisha mpotoko wa tufe ulio kinyume, ukaufuta ule wa lenzi. Mwaka 1998 walitangaza kuwa uwezo wa kupambanua umetoka nanomita 0.24 na kufikia takriban 0.14. Huko ni kufidia, si kusahihisha. Kifaa hicho na kiitwe "kifidia-mpotoko".

Yamkini tutaambiwa kwamba "kasoro" limekwisha kuzoeleka. Mazoea yana uzito wake. Lakini istilahi humfikia mwanafunzi kabla ya maelezo, na ikimdanganya, mwalimu hulazimika kubomoa kwanza ndipo ajenge.