Ufundi wa Kuugawa Muda

Katika jiji la Dodoma, ambako Serikali ya Tanzania ilianza kuhamishia shughuli zake mwaka 2016 ili kutekeleza uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamia huko, na ambako Chuo Kikuu cha Dodoma kimekuwa kikifundisha tangu 2007, siku ya kazi huanza kwa kuwasha kompyuta, na kwa sababu hiyo fundi wa mashine hizo anastahili heshima kubwa kuliko anayopewa.

Uhodari wake hudhihirika pale kompyuta iliyofungwa SSD, yaani diski inayohifadhi taarifa katika chipu bila sahani zinazozunguka, inapoendelea kuchelewa kuwaka. Diski ya zamani, ambayo sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, huchukua milisekunde kadhaa kuifikia taarifa, ilhali SSD hutumia sehemu ndogo tu ya milisekunde moja. Ndiyo maana mwenye mashine huhisi ameuziwa diski mbovu. Fundi aliyekomaa haliafiki wazo hilo wala halikatai kabla hajaugawa muda wa kusubiri katika hatua tatu: BIOS, ambayo ni programu iliyomo kwenye ubao mama inayokagua vifaa na kutafuta diski ya kuwashia; mfumo endeshi; na programu zinazojiwasha zenyewe.

Nembo ya mtengenezaji ikiganda kwenye skrini, fundi huchomoa kebo ya diski ya zamani iliyoachwa ndani kwa ajili ya kutunzia mafaili, kwa kuwa diski inayokufa huweza kuisubirisha BIOS. Kisha huangalia kama saa ya mashine imerudi nyuma, dalili kwamba betri ya volti 3 yenye umbo la sarafu imekwisha na mipangilio imepotea. Mfumo endeshi ukichelewa, hukagua kama SSD imejaa pomoni, hali inayoipunguzia kasi, na hupuliza vumbi la kiangazi cha uwanda wa kati, ambalo likiziba feni huipasha prosesa joto hadi ipunguze mwendo. Programu zinazojiwasha huzizima moja baada ya nyingine, ili chanzo kijulikane kwa yakini.

Nidhamu hiyo ya kubadili jambo moja kwa wakati mmoja na kupima kabla ya kubadili jingine ndiyo inayomtofautisha fundi na mbadilisha vipuri, kwani humpa mwenye mashine kasi pamoja na sababu, na anayeijua sababu hanunui kifaa asichokihitaji.