Jina la Mtungaji kwenye Kioo cha Simu

Mwenye kukusanya diwani huchagua, huacha, hutanguliza na hufuatisha. Na kwa kufanya hayo hutuonyesha namna anavyousoma ushairi, hata asipoandika neno la utangulizi. Ndiyo maana wahakiki wetu wamezoea kukiuliza kila kitabu cha mashairi masuala mawili: kimekusanya nini, na kimekipanga vipi. Makala haya yanakusudia kuyaelekeza masuala hayo kwenye mkusanyo mwingine, ambao leo unasikilizwa na watu wengi kuliko wanaofungua diwani zetu zilizochapishwa. Nao ni mkusanyo wa nyimbo kwenye simu ya mkononi, pamoja na ule ukurasa wa kwanza unaozielekea nyimbo hizo.

Tuanze na desturi yenyewe ya kupanga. Waarabu, ambao kwao tumelipata neno diwani, aghlabu waliyapanga mashairi ya mshairi mmoja kwa herufi ya kina: yanayokomea kwa alifu hutangulia, yakafuata ya be, mpaka ye. Mpango huo una mantiki ya kishairi, kwa kuwa herufi inayotumika ni ile ambayo mshairi mwenyewe aliichagua na kuitii beti baada ya beti. Simu nayo hupanga kwa herufi, ila hushika herufi ya kwanza ya jina la faili, jina ambalo mara nyingi mtungaji hakulitia yeye. Mpango wa kwanza umetoka ndani ya shairi, na wa pili umebandikwa juu yake.

Tofauti hii si ndogo kwa ushairi wetu, ambao sehemu yake kubwa ni wa kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga akiwajibu watu, miongoni mwao Bwana Zahidi Mgumi wa Lamu, katika zama za uhasama wa miji yao miwili. Tungo zake zilidumu vifuani mwa watu hadi zilipokusanywa mwishoni mwa karne ya 19 na Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmisionari W. E. Taylor, na baadaye William Hichens akazitoa kitabuni mwaka 1940. Tuchukue, kwa mfano, shairi la swali linaloanza kwa N na jawabu lake linaloanza kwa A. Katika orodha ya simu jawabu litatangulia swali, na baina yao zitaingia nyimbo mia mbili zisizohusika. Ukibonyeza kile kitufe cha kuchanganya, huenda usilisikie swali kabisa. Wapenzi wa taarab wanajua kwamba wimbo wa kijembe usiosikika pamoja na ule unaoujibu umepoteza nusu ya makali yake.

Hapa Visiwani na katika miji ya Pwani, kasoro hiyo hufidiwa na jirani. Msikilizaji asiyejua shairi ni la nani humuuliza aliyekaa naye barazani, akaambiwa jina la mtungaji, mtaa wake, na mara nyingine mtu aliyelengwa. Kwa hiyo anayetaka kujua thamani ya maandishi yanayojitokeza kwenye kioo, na ayatazame mahali ambapo baraza hiyo haipo. Mimi niliyatazama Mtabila.

Mtabila iko Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, mbali sana na bahari. Kwa miaka mingi jina hilo lilikuwa la kambi ya wakimbizi wa Burundi, waliokimbia vita vilivyoanza mwaka 1993. Kambi ilifungwa Desemba 2012, baada ya zaidi ya watu 30,000 kurejeshwa kwao katika miezi ya mwisho ya mwaka huo. Baadaye Kigoma ilipokea wakimbizi wapya kuanzia 2015, wakapelekwa Nyarugusu, Nduta na Mtendeli. Mtabila pana kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, ambako vijana wanaomaliza kidato cha sita kutoka mikoa mingi hupangiwa mafunzo. Kiha na Kirundi husikilizana huko bila ya mkalimani, na Kiswahili kimekuwa lugha ya soko, ya skuli na ya muziki. Ni mahali ambapo watu wamefika na kuondoka kwa maelfu, na nyimbo zimefika na kuondoka pamoja nao, tangu zama za kaseti na redio hadi kadi ndogo ya kumbukumbu inayoenea kwenye ukucha.

Nilipita Kasulu mwaka 2023 kwa kazi ya kufasiri, na katika barabara ya kwendea Mtabila nikamkuta fundi simu anayewawekea wateja nyimbo. Aliniruhusu kuitazama simu yake mwenyewe, na ninaieleza hapa kama ambavyo mhakiki angekieleza kitabu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na programu chache: kamera, redio, tochi, kikokotoo na Kurani. Safu ya chini ilikuwa na nne: kupiga simu, ujumbe, pesa na muziki. Safu hiyo haibanduki. Ukiupindua ukurasa, programu za juu hubadilika, na zile nne hubaki pale pale, mithili ya kibwagizo kinachorudi kila ubeti unapokwisha. Muziki, kwa mpangaji huyu, umo katika mambo manne ambayo mtu hapaswi kuyatafuta.

Ndani ya muziki hakuziacha nyimbo katika mpango wa herufi. Alizigawa katika folda na kuzipa majina: Harusi, Safari, Dini, Usiku, Mama. Nimeziona diwani zilizochapishwa ambazo hazikupangwa kwa fikra kama hiyo. Mpango wa fundi huyu ni ule ule wa kale wa ngoma zetu, ambao wimbo hujulikana kwa shughuli yake: huu wa kumtoa mwari, huu wa kuvutia jarife, huu wa kumbembeleza mtoto. Folda ya Mama ilichanganya tenzi za kanisani, rumba ya Kongo, nyimbo za Kirundi na taarab mbili, na nilipomuuliza kinachoziunganisha alijibu kwamba ni nyimbo alizokuwa akizisikia mama yake alipokuwa akipika. Hilo ni jawabu la mkusanyaji. Wanaolalamika kwamba simu imeua usikivu wa vijana wangefanya vyema kuzitazama folda zao kabla ya kuhukumu.

Basi na tuzitazame zile taarab mbili. Wa kwanza ulikuwa na jina la mwimbaji na chini yake jina la duka la mtandaoni ulikopakuliwa. Wa pili ulifika kwa WhatsApp, na jina lake lilikuwa AUD, kisha tarakimu za mwaka, mwezi na siku ulipotumwa, kisha WA na namba ya mfululizo. Msikilizaji wa Mtabila anaupenda wimbo huo, anaujua kwa moyo, na ameupa nafasi katika folda yenye jina zito kuliko yote, lakini kioo chake kinamwambia siku faili lilipoingia simuni na hakimwambii nani aliyeyatunga maneno. Jina la duka limepata pahala, na tarehe ya kutumwa imepata pahala. Mtungaji hakupata.

Khasara hii inaigusa taarab kuliko muziki mwingi, kwa sababu taarab ya kale imejengwa kwa mikono mitatu: wa mtunga shairi, wa mtia muziki na wa mwimbaji. Aghlabu ni watu watatu mbalimbali. Wasikilizaji wa umri wangu wanakumbuka watangazaji wa redio waliokuwa wakiwataja wote kabla ya sahani kuanza kuzunguka. Mifano ni mingi. Mashairi kadhaa yaliyompa Juma Bhalo sifa katika pwani nzima yalitungwa na binamu yake, Ahmad Nassir, yule mwenye diwani ya Malenga wa Mvita ya mwaka 1971. Lamu, utenzi wa Ustadh Mahmoud Mau uitwao Wasiya wa Mabanati, wa mwaka 1974, ulienea kwa kaseti ukighaniwa na Muhammad Kadara. Nyimbo nyingi ambazo ulimwengu ulizipokea kutoka kwa Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, zilikuwa kwanza katika hazina ya Siti binti Saad, ambaye kundi lake lilisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani. Na Haji Gora Haji wa Tumbatu, tuliyempoteza mwaka 2021, alivitungia mashairi vikundi vya taarab vya Unguja. Wangapi walioyaimba maneno yake walipata kulisikia jina lake?

Itasemwa kwamba hii ni dosari ya chombo kilichobuniwa na wageni. Maneno hayo ni kweli nusu tu. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni lebo ya maandishi ya kuambatana na faili la muziki, inayojulikana kwa jina la ID3. Ilikuwa na baiti 128 kwa jumla: herufi 30 za jina la wimbo, 30 za msanii, 30 za albamu, 4 za mwaka, 30 za maelezo, na namba moja ya aina ya muziki. Aina zilizoorodheshwa zilikuwa 80. Polka imo, taarab haimo. Mtunga maneno naye hakuwekewa kisanduku chake. Lakini mwaka 1998 lilitoka toleo la pili la lebo hiyo, na ndani yake mna pahala pa mtunga muziki na pahala pengine pa mwandishi wa maneno. Kwa zaidi ya robo karne sasa kisanduku cha mtunga shairi kimekuwapo. Kweli, programu nyingi za simu hazikionyeshi mpaka uzame ndani ya maelezo ya wimbo. Lakini ukizama, aghlabu utakikuta kitupu, na kukiacha kitupu ni kazi yetu sisi tunaozitoa nyimbo hizo kwenye kaseti na kuzituma.

Nyimbo za Kirundi za folda ile ile zilinifunza jambo jingine. Mpiga inanga hushika zeze lake la nyuzi, akanong'ona maneno aliyoyatunga yeye kwa muziki anaoupiga yeye. Lebo yenye msanii mmoja inamtosha bila ya kupungua kitu. Ukija kwenye akazehe, salamu ndefu ya kuimba ambayo wanawake wa Burundi husalimiana, sauti ya mmoja ikiingia ndani ya sauti ya mwenzake, lebo hiyo haina la kusema. Msanii ni nani pale, na jina la wimbo ni lipi? Kwa hiyo kisanduku kimoja si kibaya wala si kizuri kwa dhati yake. Kinamfaa mpiga inanga, kinampoteza mtunga shairi wa taarab, na hakiielewi salamu. Mwenye kupanga muziki wa watu wa namna tatu kwa lebo moja hana budi ajue anamdhulumu nani.

Wapo watakaosema kwamba ushairi wetu uliishi karne nyingi bila ya majina, na kwamba wimbo uliopendwa huwa mali ya wote. Hoja hii ina uzito kwa nyimbo za jadi, ambazo kizazi baada ya kizazi kimeziongeza na kuzipunguza. Haina uzito kwa shairi la mtu aliyekaa akapima mizani zake usiku kucha, naye yuko hai, au watoto wake wako hai. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999, na ile ya Zanzibar ya mwaka 2003, zinamlinda mtungaji. Lakini malipo hayawezi kumfikia mtu ambaye kazi yake inazunguka kwa jina la tarehe, na faili lisilo na jina hukaa miaka michache tu kabla ya mtu kuliandikia "wimbo wa jadi". Baada ya hapo atakayedai huonekana mwongo.

Na liko la ushairi wenyewe. Kijana wa Mtabila anayejua kwamba maneno anayoyapenda yametungwa na fulani anaweza kumtafuta fulani huyo, akakuta diwani, akakuta mashairi mengine hamsini. Asiyejua ataishia kwenye wimbo mmoja. Kila jina linalokosekana kwenye kioo ni msomaji aliyefika mlangoni kwa mshairi asibishe hodi.

Ninalowaomba wasomaji wa jarida hili, ambao wengi wao wamerithi kaseti na wanawatumia jamaa nyimbo hadi bara, Maskati na London, ni jambo la dakika mbili. Kabla ya kutuma, fungua maelezo ya faili na uandike: shairi la nani, muziki wa nani, sauti ya nani, kikundi kipi. Ikiwa simu yako haikupi nafasi, yatie maneno hayo katika jina lenyewe la faili, ukianza na mtunga shairi. Na ukituma kwa WhatsApp, tuma kama waraka ili jina hilo lisifutwe njiani. Yule fundi wa Kasulu ameshafanya sehemu yake. Amezisikiliza, amezichagua, amezipanga kwa akili na mapenzi. Majina hana wa kumuuliza huko aliko. Tunayo sisi, na waliobaki wanaoyajua wamekuwa wazee.